Ugonjwa wa huzuni si upungufu wa imani

Msomaji mmoja alinikuta Makadara baada ya sala ya Ijumaa, akanishika mkono, akaniuliza mbona mashairi yangu yalikatika gazetini tangu katikati ya mwaka 2022 hata mwaka wa pili ukaingia. Nilimjibu kwamba nilikuwa safarini. Yeye aliridhika, akaniombea dua, tukaachana. Mimi sikuridhika, kwani nilikuwa nimesema uwongo hatua chache kutoka mlango wa msikiti, tena kwa mtu aliyenipenda bure. Sikuwa safarini. Nilikuwa nyumbani kwangu, Mji wa Kale, nimelala chali nikihesabu boriti za dari, nami ni mgonjwa.

Leo namjibu kweli, na wengine wasikie. Nafanya hivyo kwa sababu nimetambua kuwa maradhi yaliyonipata mimi yamo katika nyumba nyingi za pwani yetu, yameteremshiwa pazia.

Yalinianza wakati wa kusi, mwezi wa Julai. Huzuni si kitu kigeni kwa mshairi, na wala mimi si mtoto katika mambo hayo. Nimezika wazazi wote wawili, nikalia, nikapoa. Hii haikuwa ile. Kijana wangu alikuwa amepata kazi, binti yangu ameolewa kwa wema, na deni sikuwa nalo ila la dukani. Sababu ya kuhuzunika haikuwako. Lakini kila siku nikawa naamka saa nane za usiku, macho makavu, kifua kizito, naisubiri adhana ya alfajiri na huku naiogopa, kwani ikishaadhiniwa itanibidi niikabili siku. Biriani la Ijumaa na unga mbichi kwangu yakawa mamoja. Kanzu zikaanza kunipwaya. Nikikaa na kalamu napata neno la kwanza, la pili silioni. Mimi niliyekuwa nikitunga ubeti huku navuka na feri ya Likoni!

Sala sikuacha. Ila nilikuwa nikiinama na kuinuka pasi na kuhisi lolote, na hilo ndilo lililonitisha kupita yote. Nikajihukumu mwenyewe kwamba mimi ni mnafiki, na kwamba watu wa nyumbani kwangu wangepata raha lau nisingekuwapo. Usiku nikawa natamani nilale nisiamke. Sikupanga kujidhuru, lakini tamaa hiyo ilikuja kila usiku, ikazoea mlango.

Jirani wana majibu siku zote. Mmoja alisema ni kijicho, kwa sababu ya jina langu gazetini. Wa pili akasema ni jini na akataja mtu wa kupunga. Barazani wakanong'ona kuwa nimependa pahala na nashindwa kumwambia Mama Salma. Ningekuwa na nguvu ningecheka. Kauli iliyoniumiza ilikuwa ya mwenzangu mmoja wa tangu chuoni, ambaye aliniambia, kwa mapenzi yake, kwamba mtu mwenye Qurani kifuani hashikwi na huzuni, na akishikwa basi ajue imani yake imepungua. Nami nilikuwa nimekwisha kujiambia hayo kabla yake.

Mke wangu hakubishana na mtu. Alinichukua kwa mwalimu mmoja tunayemheshimu, akaniandikia kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi ya mawaridi, nikanywa kwa siku saba, naye akanisomea asubuhi na jioni. Sitamcheka mtu yeyote anayekwenda kwa kombe. Maneno ya Mola ni shifaa, na mkono wa yule mzee kichwani mwangu ulinipa utulivu wa saa moja au mbili ambao sikuupata pengine. Lakini siku ya nane aliniketisha akaniambia hivi: "Mwanangu, mimi nimekusomea, na nitaendelea kukusomea. Lakini mtu aliyevunjika mguu nikimsomea humwambia pia akafungwe gango. Nenda hospitali ukapimwe." Mzee huyu hakusoma shule yoyote ya Kizungu. Laiti wote wanaosomea watu wangekuwa kama yeye, kwani ninavyoona mimi, kombe na kidonge havigombani hata siku moja. Ubaya ni wa kuchelewa, na mwingi wa kuchelewa huo ni wa kuona haya.

Nilichelewa bado. Zahanati ya kwanza niliyoiendea walinipa dawa ya vidonda vya tumbo na vitamini, hawakuniuliza kitu. Mwezi ukapita hivyo. Nilipofika hatimaye kwa daktari wa maradhi ya akili, Novemba 2022, nilijifunika kofia hadi nyusini nisije nikaonekana, maana jina la Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, limekuwa tusi katika vinywa vya watoto wetu, na yeyote anayeingia kwa tabibu wa aina hiyo huhesabiwa kuwa ameanza safari ya huko.

Daktari alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake cha Nairobi, lakini adabu yake ya hapa hapa. Aliniuliza maswali tisa juu ya wiki mbili zilizotangulia: kama nafurahia kitu, kama nina huzuni, usingizi wangu, chakula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito wa mwendo na usemi, na la mwisho, kama nafikiri kuhusu kufa. Swali hilo aliliuliza kwa sauti ile ile ya mengine, kama anayeuliza habari za kikohozi. Nilimjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na paa halikuanguka. Alinieleza kuwa mtu akiwa na matano au zaidi katika mambo hayo karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili, na mojawapo likiwa ni huzuni au kupotewa na hamu, na maisha yake yakawa yameharibika kwayo, basi hayo si majonzi ya kawaida, ni ugonjwa. Akanipima damu vilevile, kwa sababu tezi ya shingoni ikilegea, au damu ikipungua mwilini, mtu huweza kuvaa sura hiyo hiyo ya huzuni. Kadhalika aliniuliza kama niliwahi kuwa na siku za furaha iliyopita mpaka, silali na sichoki na natapanya fedha. Maana wako wagonjwa wanaopanda na kushuka, na hao wakipewa dawa ya huzuni peke yake huenda ikawarusha juu wakawa hatarini. Kwa hiyo msomaji mwema, dawa hizi usiazime kwa jirani.

Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya uchungu: simanzi, majonzi, jitimai, ghamu. Lakini yote hayo ni majina ya hali inayopita. Ndugu zetu wa Tanzania wamelichukua neno sonona, ambalo asili yake ni kuumia moyoni, wakauita ugonjwa huu kwa jina hilo. Mimi nalipenda. Huku kwetu husemwa tu "fulani ana mawazo", na mazungumzo yakaishia hapo, ilhali Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wenye ugonjwa huu duniani ni zaidi ya milioni 280, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Sasa nirudi kwa yule mwenzangu na habari ya imani. Nilipopata nafuu nilimwuliza: Je, Nabii Yaaqub alipungukiwa na imani? Sisi sote tuliisoma Sura ya Yusuf tukiwa na ubao mapajani, tukaambiwa jinsi mzee yule alivyohuzunika kwa kumkosa mwanawe hata macho yake yakageuka meupe, naye ni nabii, na Mola hakumtoa katika unabii wake. Na mwaka aliofiwa Mtume wetu, sala na amani zimshukie, na mkewe Bi Khadija na ami yake Abu Talib, je, haukuitwa Mwaka wa Huzuni? Ikiwa bora wa viumbe alihuzunika hata mwaka ukapewa jina, mimi ni nani? Mwenzangu alinyamaza akaagiza kahawa.

Na jambo jingine nililikuta katika kusoma kwangu, ambalo ningefurahi kama lingefundishwa katika madrasa zetu. Alikuwako mwanachuoni aliyeitwa Abu Zayd al-Balkhi, mzaliwa wa Balkh, nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934 Miladi, sawa na 322 Hijria. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi, na nakala yake ya mkono imehifadhiwa Istanbul. Sehemu yake inayohusu nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Malik Badri, mtaalamu wa Kisudani, mwaka 2013. Bwana huyu alilaumu kwamba matabibu wa zama zake walishughulika na mwili wakaisahau nafsi, na hali viwili hivi vimefungamana: kimoja kikiugua huvuta na cha pili. Kisha akaigawa huzuni. Iko huzuni ambayo sababu yake yajulikana, mfano wa aliyefiwa au aliyepoteza mali. Na iko huzuni ambayo mwenyewe haijui imetoka wapi, imemkaa tu, haimwachi kufurahi. Ile ya kwanza alisema itibiwe kwa maneno na fikra, mtu aongozwe azipime fikra zake. Hii ya pili alisema asili yake imo mwilini, katika damu, na itibiwe kwa tiba ya mwili.

Habari yake ya damu leo hatuichukui kama ilivyo. Lakini tazama: zaidi ya miaka elfu iliyopita mtu wa dini yetu ameandika kwamba moyo ulioelemewa una milango miwili ya tiba, wa mwili na wa maneno. Leo sisi tunaambiana kuwa mambo hayo yameletwa na Wazungu! Na tuliposoma kuwa Cairo ilikuwa na hospitali kubwa ya Sultani Qalawun tangu mwaka 1284, ambayo ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili, tulidhani ni hadithi ya majengo tu.

Dawa za sasa zilipatikana kwa bahati, kama vitu vingi. Mwaka 1952 katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa iliyoitwa iproniazidi. Madaktari wakaona kuwa wale mahututi wamechangamka kupita kiasi, wanakula, wanacheza ngoma wodini. Wakajiuliza, je, dawa hii haitamfaa asiye na kifua kikuu ila ana huzuni? Huko Uswisi, katika hospitali ya Münsterlingen, daktari Roland Kuhn naye aliijaribu dawa nyingine, imipramini, akatangaza mwaka 1957 kuwa inawainua walioelemewa. Amitriptilini, ambayo hata leo inapatikana katika hospitali zetu, ni ya ukoo huo. Niliyopewa mimi ni fluoksetini, ambayo Marekani iliidhinishwa mwisho wa mwaka 1987: kidonge kimoja cha miligramu 20 kila asubuhi.

Kidonge hicho hufanya kazi juu ya kitu kiitwacho serotonini, ambacho ni kama tarishi baina ya seli za ubongo. Humfanya tarishi huyo akae zaidi njiani. Zamani ilikuwa ikielezwa kwa wepesi kwamba mgonjwa amepungukiwa na serotonini kama taa iliyoishiwa mafuta. Wataalamu wa leo wanasema mambo si mepesi hivyo, na kwamba upungufu huo haukuthibitika. Ila kwamba dawa humsaidia aliyezidiwa, hilo limeonekana katika majaribio mengi. Kwa ambaye ugonjwa wake ni mwepesi, dawa si ya kukimbiliwa. Huyo huanzwa na mazungumzo.

Nitasema kweli juu ya kidonge. Wiki mbili za kwanza ni mbaya. Nilipata kichefuchefu, kichwa kiliuma, mikono ikawa na wasiwasi, na huzuni iko pale pale. Watu wengi huacha hapo, wakasema dawa haikuwafaa. Daktari alikuwa amenionya: dawa hii si panadoli, huchukua wiki mbili hadi sita kabla mtu hajaiona kazi yake. Mke wangu akawa ananipa kila asubuhi, ananisimamia nimeze, kama mtoto. Hospitalini waliwahi kuishiwa na dawa, na kijana wangu akaenda kununua nje.

Siku moja mwezi wa Disemba, baada ya alasiri, nilimsikia muuza kahawa akipita kichochoroni, anagonganisha vikombe vyake. Alikuwa akipita kila siku kwa miezi yote ile. Lakini siku hiyo nilimsikia, na nikatamani kahawa. Nilikaa kitandani nikashangaa: natamani kitu! Nikateremka ngazi na kanzu ya kulalia, nikanunua kikombe kimoja, nikakinywa kibarazani. Mama Salma alikuwa dirishani ananiangalia, wala hakusema neno.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu nalitoa bure kwa wasomaji. Ramadhani ya mwaka 2023 ilipoandama, nilikuwa mzima, naswali tarawehe, natunga. Nikajiambia kwamba mwezi mtukufu na dawa za kichwa havifuatani, nikaacha vidonge ghafla bila ya kumwuliza daktari. Ujinga mtupu. Kidonge cha mara moja kwa siku huweza kumezwa wakati wa kufuturu au wakati wa daku, na mgonjwa ambaye tabibu wake amemkataza kufunga amekwisha kupewa ruhusa na Mola wake, kisha akalipa. Dawa hizi hazilevyi. Lakini ukizikata kwa ghafla kichwa huzunguka na usingizi hupotea, ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari, tena baada ya mtu kukaa katika uzima kwa miezi sita angalau, na wengine zaidi. Mimi niliacha baada ya miezi minne na ushei tangu kidonge cha kwanza. Kabla ya Mfungo Tatu, boriti za dari zilikuwa zimerudi, nami nazihesabu.

Daktari hakunigombeza. Aliniregesha katika dawa, kisha akasema safari hii dawa haitakwenda peke yake; akanipeleka kwa mshauri. Kwa mtu aliyezidiwa, alisema, viwili vikifuatana huleta nafuu kubwa kuliko kimoja, na yale mazungumzo humwachia mtu silaha ambayo atabaki nayo hata vidonge vikiisha.

Nilipoingia chumbani nikamkuta binti wa Kiislamu, mtandio wake kichwani, umri wa Salma wangu. Niligeuka nitoke. Mimi mtu wa makamo, nimwambie mtoto huyu siri za moyo wangu? Akasimama, akanisalimu, akasema: "Karibu baba. Kaa tu, si lazima useme leo." Nikakaa nusu saa tukazungumza habari za samaki na bei ya nazi. Wiki iliyofuata nikasema. Na mlango ulikuwa wazi kidogo wakati wote, kwa kuwa yeye mwenyewe alitambua kwamba mimi si maharimu wake. Heshima hiyo ilinifungua kinywa kuliko maswali yake.

Nilidhani atanipa nasaha. Nasaha nilikuwa nimeshiba; kila mtu amenipa. Yeye hakunipa hata moja. Alinitaka niandike katika daftari kila fikra iliyoniuma, na saa yake, na nilikuwa wapi. Nikaandika: mimi ni mzigo kwa watu wa nyumbani kwangu. Akaniuliza: "Baba, hili ulilisikia kwa nani?"

"Kwa mtu? Hakuna mtu."

"Mama amelisema?"

"La."

"Watoto?"

"La, hasha."

"Basi umelisoma wapi?"

Swali hilo lilinirudisha chuoni. Mwalimu wangu wa Qurani alikuwa na fimbo, lakini hakuwa mwepesi wa kuitumia. Ukisoma ukakosea irabu moja, aligonga mkeka kwa kidole. Hakusema umekosea wapi. Aligonga tu, nawe ukarudi nyuma, ukatazama ubao wako tena, ukaona kwamba palikuwa na fatha nawe umesoma kasra, na maana yote imepinduka. Binti huyu alikuwa akigonga mkeka. Mimi, mtu wa maneno, nilikuwa nimejisoma vibaya mwaka mzima na hakuna aliyenigongea.

Njia hii si yake. Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, ndiye aliyeitengeneza katika miaka ya 1960, alipoona kuwa wagonjwa wake wa huzuni wana fikra zinazopita haraka haraka, za kujishutumu, ambazo wao huzisadiki bila ya kuzikagua. Na yule mzee wa Balkh alishasema mtu aziweke fikra njema tayari wakati wa uzima, kama anavyoweka dawa kabatini, ili shida ikija azikute. Nilimsomea binti habari hiyo siku moja, akafurahi, akaiandika.

Jambo la pili alilonitaka ni kutembea. Kila asubuhi, kutoka nyumbani hadi Ngome ya Yesu na kurudi, nitake nisitake. Nilimwambia sina hamu. Akajibu kwamba sisi hudhani hamu hutangulia tendo, lakini katika ugonjwa huu mambo hugeuzwa: tendo litangulie, hamu itafuata nyuma. Nilitembea siku kumi kwa kumtii tu. Siku ya kumi na moja nikasimama kutazama ngalawa.

Tulikutana mara kumi na mbili, mara moja kwa wiki. Katika wiki ya tisa nilitunga ubeti, si wa kujivunia, lakini ndio wa kwanza, na nauweka hapa kwa sababu hiyo:

Nalilala sina homa, wala jeraha mwilini,
Wakaniona mzima, hawajui la moyoni,
Nalishindwa na kusema, ulimi mzito ndani,
Tabibu akanipima, akanambia ni nini.

Mtu ataniambia: wewe uko Mombasa, una daktari na una mshauri, je, aliyeko Faza au Garsen? Neno hilo ni la haki. Madaktari wa maradhi ya akili katika nchi hii ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Lakini wako majirani waliopata njia. Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wanaiitaje huzuni hiyo, wakaambiwa neno la Kiganda lenye maana ya mtu kujichukia. Kisha, mwaka 2002, watu wa hapo hapo, wasio madaktari, wakafunzwa kuongoza vikundi vya mazungumzo, wanawake mbali na wanaume mbali, mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na sita. Vijiji vilikuwa thelathini, nusu vikapata vikundi na nusu bado. Mwishoni, katika waliokaa vikundini, waliobakia na ugonjwa hawakufika 7 kwa 100. Katika wale wengine walizidi nusu.

Na Zimbabwe yuko daktari Dixon Chibanda, ambaye amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza binti aliyekuwa akimtibu, aliyejiua kwa kuwa hakuwa na nauli ya kumfikisha hospitalini. Nauli tu! Kwa uchungu huo, mwaka 2006 huko Mbare, Harare, aliwafunza mabibi vizee kumi na wanne waketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, wawasikilize na wawasaidie kutatua shida moja moja. Neno la Kishona kwa ugonjwa huo ni kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na hapo naona ni lile lile letu la "ana mawazo". Aliyezidiwa hupelekwa juu kwa madaktari na dawa.

Nasi tuna mabaraza, tuna mikusanyiko ya kina mama ya maulidi na arusi. Watu wa kuketi na mwenzao hatukukosa. Tatizo letu, nalisema kwa kuwa baraza nalipenda, ni kwamba baraza halina mlango. Unalolisema baada ya alasiri linafika Kisauni kabla ya isha. Wale mabibi wa Harare walifunzwa kwanza kufunga midomo. Na kina mama wetu wapya walio ndani ya arubaini, analia mchana kutwa, mtoto hataki kumtazama, wangapi wameambiwa wana jini la uzazi wakapungwa, na kumbe ni maradhi haya haya, yenye tiba, hata kwa anayenyonyesha?

Kwa muda mrefu sheria nayo ilizidisha hofu. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, afungwe hadi miaka miwili, yaani badala ya kitanda cha hospitali apewe selo. Januari 2025 Mahakama Kuu, Nairobi, ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba. Na iwe imejulikana kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujitoa roho hakumtii wazo hilo, humtua mzigo. Mimi niliulizwa, nikatua. Ukiambiwa ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Vidonge nilipunguziwa pole pole mwaka 2024 hata nikaviacha, safari hii kwa amri. Daftari ninalo bado, na kutembea sijaacha.

Juzi baada ya isha mlango uligongwa. Alikuwa mmoja wa wale wa barazani waliosema nimependa pahala. Aliketi, akanywa maji, akazungumza habari za mpira kwa muda mrefu, nami namtazama kanzu yake inavyompwaya mabegani. Halafu akauliza, macho yapo chini, kliniki ile ni siku gani, na mtu huingilia mlango upi asionekane. Nilimwambia ni Jumanne, na kwamba mlango ni mmoja tu. Nikamwambia anipitie saa mbili asubuhi, twende pamoja.